Nani Kamvunja Moyo Mgeni wa Diani?

Kibao kilikuwa kimepigiliwa kwenye mbuyu, hatua chache kutoka meza za chai ya asubuhi, katika hoteli moja ya Diani ambayo jina lake nitalihifadhi. Kiingereza juu, Kiswahili chini, herufi nyeupe kwenye ubao wa kijani. Kiswahili chake kilisema: "Wageni wanavunjwa moyo kulisha nyani."

Askari wa zamu, mzee wa Kidigo aliyetundika manati shingoni, aliniona nikikisoma mara ya pili. Akasogea.

"Mwalimu, hebu nieleze wewe uliyesoma," akasema. "Hawa wageni wamekosa nini hata wavunjwe moyo? Na huyo nyani yuko wapi? Hapa mwizi ni kima."

Yote mawili aliyasema kweli. Nyani hawafiki pale hotelini kila siku, na wakija huja kundi zima, hata manati haisaidii. Wanaorukia meza kila asubuhi na kuondoka na mkate ni kima na tumbili. Wapo pia mbega, wale weusi wenye manyoya meupe yanayoning'inia mabegani kama shali, lakini mbega hana haja na mkate. Chakula chake ni majani. Zile ngazi za kamba unazoziona zimetandazwa juu ya barabara ya Diani ziliwekwa kwa ajili yake, avuke bila kugongwa na magari, na jamaa zake wengine wakajifunza kuzitumia. Kiingereza huwatia karibu wote hawa katika kapu moja, "monkey". Mtafsiri naye akatia mkono kapuni akatoka na nyani.

Hilo la nyani nalisamehe. La moyo ndilo lililonikalisha na kalamu. Kwa upande wa Kiingereza, kibao kilitumia kitenzi "discourage". Kamusi nyingi za Kiingereza na Kiswahili, ukifika kwenye kitenzi hicho, hukupokea kwa "vunja moyo" au "katisha tamaa". Mtafsiri aliandika alichopewa. Kwa hiyo kabla ya kumcheka, tukitazame kitenzi chenyewe kimetoka wapi, maana humo ndimo ulimo mtego aliouangukia, na si yeye peke yake. Mimi mwenyewe katika miaka yangu ya kutafsiri nimeshauangukia, tena kwenye waraka wa afya, ambako hakuna wa kucheka.

Ndani ya "discourage" mna moyo, ila umezikwa. Warumi waliuita moyo "cor". Kutokana na hiyo "cor", watu wa Ufaransa ya kale wakapata "corage": yote yaliyomo moyoni mwa mtu, nia yake, hamu yake, hasira yake, ari yake. Wanormani walipotoka Ufaransa na kuiteka Uingereza mwaka 1066, lugha yao ikawa ndiyo lugha ya wakubwa kwa karne kadhaa, na maneno yake yakawazoea Waingereza kama ya Kiarabu yalivyotuzoea sisi. Chaucer, mshairi wa karne ya 14, alipoandika "corage" alikuwa bado anasema moyo, hata moyo wa ndege. Baadaye neno likasinyaa, likabaki na ushujaa tu.

Kile kipande cha mbele, "des-" kwa Kifaransa cha kale na "dis-" kwa Kiingereza, kazi yake ni kuondoa. "Descoragier" ilikuwa kumwondolea mtu kilichomo moyoni. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu, waliosoma kwa Kifaransa, wanalo neno hilo mpaka leo: "décourager". Kiingereza kilikipokea kitenzi hiki karne ya 15, na mwanzoni kilikuwa na maana moja: kumfanya mtu apoteze moyo. Hadi hapo kamusi zetu ziko sawa na hakuna ugomvi.

Karne ya 17 ndiyo ikaleta maana ya pili, nyepesi, ya kiofisi. Kuonyesha kwamba jambo fulani hulipendi. Kulifanya lisiwe rahisi. Kumjulisha mtu kwa adabu kwamba ingekuwa heri asilifanye. Maana hii haihitaji moyo wa mtu yeyote, na ndiyo maana Mwingereza anaweza ku-"discourage" magugu kwa matandazo, sigara kwa kodi, na mbu kwa moshi. Jaribu hayo kwa Kiswahili. Nimeyavunja moyo magugu. Mbu wamekatishwa tamaa. Mtoto wa darasa la 2 atakucheka.

Iliwezekanaje Waingereza wasicheke? Kwa sababu hawasikii tena moyo humo ndani. "Cor" kwao ni Kilatini, na "courage" kwao ni ushujaa. Kiungo kinachodunda kifuani wanakiita "heart", neno lao la asili, halina udugu wa karibu wa sauti na hayo mawili. Neno likishasahau lilikotoka huwa jepesi kubeba mzigo mwingine. Letu halijasahau. Mswahili akisema "kuvunja moyo" anasikia kuvunja na anasikia moyo, vyote viwili, mchana kweupe.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umo katika Kiingereza chenyewe. Mwishoni mwa karne ya 16 likajitokeza neno jingine, "dishearten", ambalo Shakespeare alilitumia katika tamthilia yake ya Henry V. Ni lilelile "dis-", ila safari hii moyo uliotiwa ndani ni wa Kiingereza, unaosikika. Kama kwamba waliona moyo wa Kifaransa umenyamaza wakaamua kuuweka wao upya. Na tazama ajabu: "dishearten" halijapata kamwe ile maana ya pili. Hakuna Mwingereza atakayeandika kwenye mbuyu kwamba wageni wako "disheartened" kulisha kima. Moyo ukisikika, unakataa kutumiwa ovyo. Kwa maoni yangu, basi, "kuvunja moyo" kwetu ni pacha wa "dishearten". Na "discourage" ni binamu tu, wa kutembeleana sikukuu.

(Kuna chembe nyingine ya "cor" tunayoitafuna kila siku bila habari. Neno "rekodi" asili yake ni kitenzi cha Kilatini "recordari", kurudisha moyoni, kwa sababu Warumi waliweka kumbukumbu moyoni. Binti wa Ukunda anayerekodi taarabu ya harusini kwa simu anatumia moyo wa Kirumi.)

Sasa turudi kwa moyo wetu, maana hata wenyewe tunaanza kuutendea vibaya. Kiswahili husema "umenivunja moyo". Anayevunjwa ni mimi, yupo pale katika "-ni-", na moyo unafuata nyuma kuonyesha nimevunjika wapi, sawa na "umenikanyaga mguu" au "alimshika mkono". Nowadays — samahani, siku hizi — nasikia sana "umevunja moyo wangu". Si kosa la kufungiwa, lakini lina harufu ya Kiingereza, na kwa kawaida msemaji huwa anazungumzia mchumba aliyemtoroka. Mvuvi aliyenyimwa mkopo hasemi hivyo.

Halafu kuna tofauti ya "vunjwa" na "vunjika", ambayo ndiyo iliyomtatiza yule askari bila yeye kuitia jina. Ukisema fulani amevunjika moyo, huenda hapana aliyemgusa: mvua imekosa, samaki wamekosa, mtihani umemshinda. Ukisema amevunjwa moyo, yupo mvunjaji, mtafute. Kibao kilisema wageni "wanavunjwa". Aliyeandika kibao ni hoteli. Kwa hiyo hoteli ilikuwa imekiri kwa maandishi, juu ya mbuyu, kwamba inawavunja moyo watu wanaoilipa, tena kwa "-na-" ya kazi inayoendelea.

Askari wangu kwao husema "kuvundza moyo". Ndiyo sauti ya Kidigo: Mswahili akija, Mdigo adza, Mswahili akivunja, Mdigo avundza. Neno "moyo" lenyewe ni la kale katika lugha za Kibantu, mbali hadi Zimbabwe, ambako Washona wakipoteza moyo husema umeoza. Si kila Mbantu huuweka msiba huu moyoni. Waganda husema kummalizia mtu nguvu zilizomo mwilini. Wanyarwanda wana "guca intege", kukata nyuma ya magoti, pale panapokunja, na hiyo naihusudu kuliko zote, kwa sababu aliyekatwa hapo unamwona kabisa akikaa chini. Sisi pia tuna zaidi ya moja. Kenya utasikia "usife moyo" kila Jumapili na kila msibani, na huyo amepita hatua ya kuvunjika. Kuna "kukatisha tamaa", ambayo tamaa yake ni ya Kiarabu. Kwa Waarabu inaelemea kwenye uroho, kwetu imebeba uroho na matumaini katika mkoba mmoja, na anayekatishwa hukatishwa yale matumaini.

Vijana wa matatu za Ukunda na Lunga Lunga wameongeza yao: "usinidiskareji, bro". Wazee hukunja uso. Mimi nilisikiliza kwa hamu ya kitaalamu, nikagundua kitu. Wameliazima neno zima la Kiingereza lakini wameacha nusu ya maana zake bandarini. "Amenidiskareji" maana yake ni amenivunja moyo, basi. Sijamsikia hata mmoja akidiskareji magugu. Neno limeingia Kwale, na Kiswahili kikalirudishia moyo wake.

Kama "kuvunja moyo" hakufai kwa maana ya pili, tutasemaje? Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa kuwa jibu limo mdomoni mwetu na hatulioni.

Asubuhi moja ya kusi nilikuwa Msambweni, pale Mkunguni, upepo unapuliza toka kusini na maji yamekwisha geuka rangi. Mzee mmoja amekaa chini ya mkungu anashona wavu. Kijana akapita na kasia begani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Wenda nje?"

"Nafika mwambani tu nirudi."

Mzee hakuinua macho. "Bahari chafu hiyo. Usitoke leo. Samaki hawahami."

Kijana alisimama, akatazama maji, akatazama kasia. Kisha akaliegemeza mtini, akakaa, na mzee akampa ncha ya wavu aishike. Dakika tano baadaye wanazungumza habari za mpira.

Mwandishi wa Kiingereza angesema hapo kuna mtu aliyekuwa "discouraged". Lakini kijana yule hakuvunjwa chochote. Angalia Kiswahili kinavyosimulia: mzee alimshauri asitoke. Au alimwasa asitoke. Au, kama sauti ingekuwa kali, alimkanya asitoke. Kazi yote ambayo Kiingereza kimeitwika "dis-" mbele ya kitenzi cha kwanza, Kiswahili kimeipa "-si-", silabi moja tu, iliyojificha tumboni mwa kitenzi cha pili. A-si-toke. Kitenzi cha kwanza kinabaki huru kueleza mzee alisemaje: kwa upole, kwa ukali, kwa kubembeleza. Kitenzi cha pili kinaeleza ni jambo gani lisifanyike. Hakuna moyo uliopasuka njiani.

Ndiyo sababu hatuna, na hatukuwahi kuhitaji, neno moja la kulibandika juu ya ile maana ya pili. Tuna ngazi nzima ya namna za kusema, na kila kipandio kina mwenyewe. Kuasa ni kwa mkubwa kwa mdogo, na kuna mapenzi ndani yake. Kushauri ni kwa wa rika moja, au kwa mtaalamu. Kukanya kuna mkunjo wa uso. Kukataza hufunga mlango, na kupiga marufuku huweka askari mlangoni. Ukimpa mtafsiri neno "discourage", swali lake la kwanza liwe nani anamwambia nani. Hoteli na mgeni? Basi mgeni haaswi, kwa kuwa si mtoto. Hakanywi, kwa kuwa amelipa. Anaombwa.

Katika Kiswahili cha ofisi tofauti hii inaweza kugharimu watu, na Pwani ya Kusini iliionja mwaka 2014. Tarehe 14 Mei, baada ya miezi ya mashambulizi nchini, wizara ya mambo ya nje ya Uingereza iliwashauri raia wake wasisafiri, ila kwa jambo la lazima, kwenda kisiwa cha Mombasa na ukanda wa kilomita 5 kutoka pwani, kuanzia mkono wa bahari wa Mtwapa hadi Tiwi, na Tiwi yenyewe ndani. Ilielezwa waziwazi kwamba Diani haimo. Uwanja wa ndege wa Moi, ule wa Mombasa, nao haumo.

Anayeijua njia atatabasamu. Wakati huo barabara ya Dongo Kundu, ambayo leo humwezesha mtu kuikwepa feri, haikuwepo. Mgeni akishuka uwanja wa Moi na kushika gari kwa kawaida ilimlazimu aingie kisiwani, apange foleni ya feri ya Likoni, avuke, apite njia ya Tiwi, ndipo afike Diani. Mwanzo wa safari uliruhusiwa na mwisho wake uliruhusiwa. Kilichokuwa na neno ni katikati. Kampuni za utalii za Thomson na First Choice zikawarudisha kwao wateja wao, mamia ya watu, na kusimamisha ndege zao za Mombasa hadi mwisho wa Oktoba.

Chukua sasa sarufi yetu uitazame habari hiyo. Mwingereza alishauriwa asije. Ni "-si-" ileile ya mzee wa Mkunguni. Hakuna aliyemzuia uwanjani kwa nguvu, ingawa bima nyingi za safari hukataa kumlipa mtu aliyekwenda alikoshauriwa asiende, na hapo shauri huota meno. Lakini moyo je, ulivunjika wa nani? Wa mpishi wa Ukunda aliyepewa likizo isiyo na mshahara. Wa mchonga vinyago, wa dereva wa tuktuk, wa mama aliyekuwa akiuza maembe mlangoni mwa hoteli. Mshauriwa alikuwa mmoja na mvunjwa moyo alikuwa mwingine, wamepishana kwa maili elfu kadhaa. Kiingereza kingeweza kuwaeleza wote wawili kwa kitenzi kimoja. Kiswahili kinawatenganisha kwa lazima, hata ukiwa huna nia ya kuwatetea. Shauri lile liliondolewa Juni 2015. Kabla ya hapo hoteli kadhaa za Pwani zilikuwa zimeshafunga milango.

Kuna kitenzi cha tatu katika ukoo huu, nacho ni "deter". Kilatini chake ni "deterrere": "de-" ni kutoka, na "terrere" ni kutisha. Ni kumtisha mtu akaliacha jambo. Neno la Kiingereza la ugaidi, "terrorism", ni mtoto wa "terrere" hiyohiyo, kwa hiyo katika habari ya 2014 baba mmoja alikuwa na watoto pande zote mbili. Mahakamani "deter" hujitokeza hakimu anapotoa adhabu kali, na Kiswahili cha Kwale husema adhabu iwe funzo kwa wengine, ambayo naiona ni tafsiri nzuri kuliko nyingi za vitabuni, hata kama haina woga ndani yake.

Lakini mahali pa kujifunzia "deter" hasa ni juu, ukipanda kutoka ufuoni kuelekea Shimba. Hifadhi ya taifa ya Shimba Hills ilitangazwa mwaka 1968, na ndovu wake hawajui kusoma mipaka. Jirani yake, Mwaluganje, katikati ya miaka ya 1990, Wadigo na Waduruma wenye ardhi walikubali mashamba yao yawe njia na makao ya ndovu, wagawiwe mapato ya utalii. Kwingineko kando ya hifadhi, mahindi yakishika rangi, watu hawalali. Wanapiga madebe, wanawasha mioto, wanamulika tochi, wanapiga kelele.

Ripoti za uhifadhi huita kazi hiyo "deterrence", na nimeona ikitafsiriwa "ukatishaji tamaa wa ndovu". Jamani! Lugha ya wakulima imelibeba jambo hili tangu kabla ya ripoti kuwepo. Wana dungu, kile kichanja kirefu cha miti anachokaa mlinzi shambani. Wana kombeo. Na wana kitenzi kizuri kabisa ambacho vijana wameanza kukisahau: kuamia. Kuamia ni kukaa shambani kulinda mazao, kuwafukuza ndege na wanyama wasiyale. Mtu huamia mpunga, huamia mtama, na sioni kwa nini asiamie mahindi dhidi ya ndovu. Uzio wa umeme unaamia. Kamba iliyopakwa pilipili inaamia. Ndovu akigeuka akarudi porini, moyo wake ni mzima. Kesho atajaribu tena upande wa pili. Ukitaka moyo uliovunjika, mtafute asubuhi ile, mwenye shamba amesimama katikati ya mabua yaliyolala.

"Dissuade" nitalipitia haraka, ingawa lina utamu wake, na nasema utamu kwa makusudi: "suadere" ya Kilatini, kushawishi, ni ndugu wa "suavis", tamu. Kushawishi ilikuwa kulifanya jambo liwe tamu, na "dissuade" ni kuliondolea utamu huo. Sisi pia mshawishi tunamwita mwenye maneno matamu, wala hatukuambiwa na Warumi. Kuhusu "daunt", limetokana na kufuga mnyama hadi atii, na atakayepata nafasi ya kulitumia Shimba mbele ya ndovu nampa pole mapema.

Wanaoandika vibao, matangazo ya kliniki, barua za shule na nyaraka za kaunti nina ombi moja kwao. Mkikutana na "discourage", ifungeni kamusi kwanza. Ulizeni kama kuna mtu aliyekuwa na nia njema ikazimwa. Kama yupo, andikeni kuvunja moyo bila kusita. Kama hayupo, tafuteni "-si-" mahali pa kuiweka. Tangazo la kliniki linalosema akina mama wanavunjwa moyo kujifungulia nyumbani linamtukana mama aliyejifungulia nyumbani kwa sababu hakuwa na nauli usiku ule. Linalosema akina mama wanashauriwa wasijifungulie nyumbani linaweza kusomwa mbele yake.

Siku ileile Diani niliomba karatasi mapokezi, nikaandika: "Tafadhali msiwalishe kima." Nikampa askari asome. Alisoma polepole, akakuna kidevu.

"Na tumbili je, mwalimu? Atasema hakutajwa."

Tukaongeza tumbili. Kibao kipya kimeshapigiliwa kwenye mbuyu uleule. Nilipopita tena kulikuwa na kima mmoja amekaa juu yake, ameshika andazi kwa mikono miwili.